Kosa la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Taasisi yetu ya vitabu vya shule, Ndugu Mkurugenzi, wakuu wa idara, walimu mlioacha madarasa yenu kuja kuniaga, wahariri, wachoraji, wapiga chapa na madereva, ndugu wageni waalikwa, na wewe, mama watoto, uliyekaa safu ya mbele na kuniahidi kwamba nikipitisha nusu saa utakohoa: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa cheo chake.

Msishangae kuiona simu hii hapa mbele yangu. Sikuiweka ili niangalie saa. Upande wake wa pili, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka hapa, yupo mhariri mwenzangu ambaye ninyi mnamwita Jicho. Ana nakala ya hotuba hii niliyomtumia jana, na ana penseli mkononi. Mimi nasoma, yeye anafuata. Kwa miaka kumi na mitano tumefanya kazi namna hiyo, kumi katika jengo hili na mitano kwa simu, na sikuona sababu ya kuacha leo. Jicho, unanipata? Anasema ananipata. Anasema pia nimewaruka wahudumu wa chai, nao wamo mstari wa tatu. Wahudumu wa chai, niwieni radhi. Mnaona wenyewe kazi inavyofanyika.

Mmenizawadia kiti. Tena si kiti kipya, ni kiti changu kilekile cha mbao, chenye mguu mmoja mfupi nilioukingia karatasi tangu mwaka wangu wa pili kazini. Mkurugenzi amesema hapa kwamba kiti hiki ni shahidi wa utumishi wangu, kwamba kwa miaka thelathini na minne hakikupata kuwa kitupu siku ya kazi. Nashukuru sana. Nitakiweka mbele ya nyumba yangu, nitakikalia na kutazama watu wanaowahi kazini. Lakini shahidi akiletwa mbele ya watu sharti aulizwe, na kiti hiki kingekuwa na mdomo kingetaja jambo ambalo Mkurugenzi halijui. Nitalisema mimi kwa niaba yake. Mnivumilie, kwa maana jambo lenyewe lina njia yake, na mzee hakimbizwi.

Wageni wetu huenda hamjui kitabu cha shule kinavyozaliwa. Mwandishi huleta muswada. Mpangaji wa kurasa huupanga, nasi tunapata prufu, yaani kurasa za majaribio kabla kitabu hakijakwenda mtamboni. Katika kupanga, neno huweza kuanguka na mstari huweza kupotea, kama punje zinavyodondoka gunia linapohamishwa. Basi tunakaa wawili. Mmoja anashika muswada na kusoma kwa sauti. Mwenzake anashika prufu na kufuata kwa ncha ya penseli. Kazi hiyo tunaiita kusomeana. Na msomaji hasomi maneno peke yake, anasoma na alama zake: "Herufi kubwa, mbuzi alipanda kilimani, koma, akageuka nyuma, nukta." Hakuna alama isiyotajwa. Anayefuata akikuta pengo kwenye prufu, anatia kishale kidogo pambizoni na kuandika kilichopotea. Huandika kwa penseli. Katika Taasisi hii kalamu ya wino ni ya kusaini, penseli ni ya kusahihisha.

Mwenyekiti wetu anayajua haya, maana alianza kazi katika chumba kile cha mwisho wa ukumbi, akiwa bado kijana. Alinisomea kitabu kizima cha hesabu cha darasa la sita. Siku ya tatu alikuja asubuhi macho mekundu, akaniambia, "Mzee, nimeota mabano." Nikamwambia, "Ukiota mabano, hakikisha yamefungwa."

Mazoea hayo humfuata mtu hadi nyumbani. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilionja chakula, nikasema, "Kitamu sana, nukta." Mke wangu akanijibu, "Na vyombo ataosha nani, alama ya kuuliza?"

Lakini kuna jambo ambalo ni gumu kulieleza kwa asiyewahi kusomeana. Ukimsikiliza mtu mmoja kwa miaka mingi, unafika mahali husikii tena sauti yake. Unasikia kitabu. Chumba kinaondoka polepole, kwanza dirisha, kisha kabati, kisha meza, na wewe unabaki umesimama mahali ambapo hadithi imesimama. Nimetembea katika mito ya vitabu vya jiografia bila kulowa. Nimezeeka, na nusu ya umri wangu sikuwa mahali ambapo kiti changu kilikuwa.

Kisha ukaja ule mwaka wa ugonjwa, milango ikafungwa, watu wakaambiwa wakae majumbani. Mimi niliachiwa ufunguo kwa kuwa nyumba yangu iko nyuma tu ya ukuta wa Taasisi. Kila asubuhi nilifungua daftari la mahudhurio na kusaini. Kesho yake nilisaini chini ya sahihi yangu mwenyewe. Ukurasa mzima ukawa mimi, mimi, mimi. Vikombe vya chai vilikuwa vimepinduliwa juu ya taulo, na vumbi jepesi lilikaa juu ya kila meza kama wageni wapole wasiotaka kusumbua. Halafu saa tatu simu ililia.

"Shikamoo, Mzee. Tuanze?"

"Marahaba, binti yangu. Tuanze."

Jicho alikuwa nyumbani kwa mama yake. Nilisikia mvua juu ya bati la kwake, na kwangu jua lilikuwa limetandaza mwanga mezani, na kwa muda sikujua kama naloa au nakauka. Mwaka ule, ndugu zangu, jengo hili lilikuwa tupu na vitabu saba vilitoka. Walimu mlioko hapa mlifundishia vitabu hivyo. Je, kuna aliyefungua kurasa zake akasema, "Hiki kilihaririwa nyumbani"?

Milango ilipofunguliwa wengi walirudi. Jicho hakurudi, na hakuficha sababu. Mama yake alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka thelathini, na sasa kumbukumbu zinamwacha moja moja, kama watoto wanavyotoka darasani kengele ikishalia. Jicho alijaribu kumleta mjini. Siku tatu mama alitembea kwenye ukumbi wa jengo la ghorofa akigusa kila mlango na kuuliza kwa adabu, "Samahani, huku ndiko nyumbani?" Siku ya nne Jicho akamrudisha. Katika nyumba yake mama haulizi. Vidole vyake vinajua ukuta unapokata kona. Mkurugenzi wa wakati ule alimruhusu Jicho aendelee kufanya kazi hukohuko, lakini alimruhusu kwa mdomo tu. Ruhusa ya mdomo ni kivuli: unacho mpaka jua ligeuke.

Na jua liligeuka katika kitabu cha kusoma cha darasa la tatu.

Ndani yake mna hadithi ya mtoto anayemtafuta mbuzi aliyepotea. Mtoto huyu hana mama. Analelewa na mjomba wake seremala, na siku hiyo mjomba amesafiri. Katika ukurasa wa arobaini na moja mtoto anarudi jua likizama, anamfunga mbuzi, anakaa kizingitini, na mlango umefungwa. Hayupo mtu mwingine. Kisha kitabu, kilichochapwa na kusambazwa shule zote, kinasema: "Umekula, mwanangu? Njoo ukae karibu nami." Halafu mtoto analala.

Barua ya kwanza ilitoka kwa mwalimu mmoja wa shule ya mbali. Aliandika kwamba darasa lake limegawanyika. Wapo wanaosema ni jirani aliyesema maneno hayo. Wapo wanaosema ni mama yake aliyekufa, amekuja kumwangalia. Na mmoja wa dawati la nyuma anashikilia kwamba ni mbuzi. Mwalimu aliuliza, kwa heshima kubwa, jibu sahihi ni lipi. Jibu hatukuwa nalo. Mwandishi wa hadithi naye akaja, akagonga meza: "Mimi nimeandika mtoto asiye na mama! Huyu mama mmemtoa wapi?"

Ikaundwa kamati. Jicho akapigiwa simu, ikawekwa katikati ya meza kama hii.

"Binti, maneno haya unayafahamu?"

Akajibu, "Nayafahamu. Ni ya mama. Huniambia kila siku mchana, hata kama ndio kwanza tumenawa mikono."

"Kwa hiyo sauti ya nyumbani kwako iliingia katika kazi ya umma?"

"Iliingia kwenye simu, ndiyo."

Yakaandikwa. Na katika maandishi hayo ndimo ulimozaliwa Waraka wa Utaratibu wa Kufanya Kazi Nje ya Ofisi, ambao Bodi itaketi kuusaini leo saa nane mchana.

Nataka niwe mkweli kuhusu waraka huo: umeandikwa vizuri. Unawapa wapangaji na watakwimu siku mbili za kufanya kazi nyumbani kila wiki. Unasema mtu apimwe kwa kazi aliyoitoa. Nimeusoma mara tatu, na nimesahihisha koma mbili tu. Lakini aya ya saba inasema hivi: "Wahariri wa vitabu hawatahusika na ruhusa hii, kwa kuzingatia kosa la ukurasa wa arobaini na moja lililosababishwa na mazingira ya nyumbani. Mhariri aliye nje ya kituo aripoti mezani kwake ifikapo tarehe mosi. Asiyeripoti atahesabiwa kuwa ameacha kazi."

Katika Taasisi nzima, mhariri aliye nje ya kituo ni mmoja. Tarehe mosi ni siku kumi na moja kutoka leo. Siku ya kumi na mbili Jicho atakuwa amepoteza kazi, ama mama yake atakuwa anagusa milango ya watu.

Sasa nakuja kwenye kiti.

Ilikuwa alasiri, baada ya chakula, saa ile ambayo hata saa ya ukutani hutembea kwa kujivuta. Jicho alikuwa anasoma, nami nafuata. Msinifikirie kwamba nilikoroma. Macho yangu yalikuwa wazi na penseli ilikuwa inatembea. Lakini chumba kilikuwa kimekwisha kuondoka. Nilikuwa nimekaa kizingitini pamoja na yule mtoto, mbuzi amefungwa, mwanga umekuwa wa rangi ya asali. Na kutoka mbali, nyuma ya hadithi, ikaja sauti ya mwanamke mzee ikiuliza kama nimekula. Mama yangu alifariki miaka ishirini na sita iliyopita. Sikujiuliza ni nani anayesema. Ni nani hujiuliza swali hilo anapoitwa hivyo? Nilitazama prufu, nikaona maneno hayo hayamo. Nikadhani yameanguka. Nikatia kishale, nikayaandika.

Subirini. Jicho anasema kitu. Anasema, "Mzee, hapo sikufuati. Hayo hayamo kwenye nakala yangu."

Ni kweli, binti yangu, hayamo. Nakala niliyokutumia jana inatoka kwenye aya ya saba na kwenda moja kwa moja kwenye shukrani. Jana nilikuwa bado mwoga. Tia kishale pambizoni, uandike ninayosema.

Anasema, "Achia hapo, Mzee. Unastaafu vizuri."

Andika, mwanangu.

Naomba nieleze, maana wasio wa kazi hii wanaweza kudhani hilo ni kosa la wawili. Nimekwisha kuwaambia kwamba maneno ya muswada huja na alama zake. Maneno ya mama yalikuja matupu. Hayakuwa na herufi kubwa, hayakuwa na koma, hayakuwa na alama ya kuuliza. Mhariri mwenye wiki moja kazini angeinua penseli na kusema, "Rudia hapo." Koma ile mnayoiona kitabuni ni yangu. Alama ya kuuliza ni yangu. Jicho hakuyasoma maneno hayo. Alikuwa amenyamaza kumgeukia mama yake, kama mtoto yeyote mwenye adabu, kisha akaendelea palepale alipoishia. Kosa lile halikufanyika nyumbani. Lilifanywa katika jengo hili, katika chumba cha mwisho wa ukumbi, na mtu aliyesaini daftari saa moja na nusu asubuhi, akiwa amekaa juu ya kiti hiki mlichonizawadia. Kiti kilikuwa na mtu. Ila mtu huyo, siku ile, alikuwa mbali kuliko Jicho.

Mtaniuliza, kwa nini hukusema mbele ya kamati? Kamati iliuliza sauti ilitoka wapi. Haikuuliza mkono ulioandika ulikuwa wa nani. Nami nilikuwemo. Mimi ndiye niliyekuwa naandika muhtasari. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano, na katika miaka thelathini na minne hapakuwa na kosa lenye jina langu, na nilitaka kutoka hivyo, kama mtu anayevuka matope na viatu vyeupe. Jicho aliujua ukweli tangu mwanzo, maana mwenyewe anajua alichosoma na asichosoma. Wiki iliyopita nilimpigia nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Akaniambia, "Wewe ni mkubwa wangu. Ukisema mwenyewe, ni ungwana. Nikisema mimi, ni uchongezi." Nimehariri vitabu vya maadili vya madarasa yote saba, ndugu zangu, na sentensi hiyo sikuwahi kuikuta.

Mke wangu amekohoa. Nusu saa haijafika, mama watoto. Au unalia? Nisamehe. Hata wewe sikukuambia.

Sasa, wakuu wangu, sisemi kwamba nyumbani hakuna kelele. Zipo. Kuna vyombo, kuna majirani, kuna mama anayetaka kujua kama umekula. Lakini humu ndani je? Ni nani kati yetu hajawahi kukaa kwenye kiti chake, amenyoosha mgongo, ameshika faili, huku yeye mwenyewe yuko wodini kando ya kitanda cha mgonjwa wake? Daftari lilimhesabu kuwa yupo. Tumezoea kumtafuta mtu kwa kutazama kiti, kwa sababu kiti kinaonekana. Kazi ndiyo inayomtaja mtu, na kazi ya Jicho imo mikononi mwa watoto asubuhi hii, mstari kwa mstari, na kila nukta ipo mahali pake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, sikuombi uuache waraka. Naomba aya ya saba tu. Kama kosa la ukurasa wa arobaini na moja ndilo sababu ya kumwondoa mtu kazini, sababu hiyo inaondoka leo, kwa kuwa mwenye kosa anastaafu. Mkitaka kanuni, wekeni hii: wanaosomeana kwa simu wafunge mlango, na anayefuata akisikia neno lisilo na alama, aseme, "Rudia hapo." Hiyo ingenitosha mimi na kiti changu. Na katika bahasha hii mna ukurasa wenyewe wa prufu. Nimeutoa kwenye jalada leo asubuhi, na mtunza majalada ameniandikisha, kwa hiyo hakuna aliyeiba. Tafadhali, mpelekeeni Mwenyekiti.

Na mwalimu yule wa shule ya mbali, yuko hapa? Naona mkono. Karibu, mwalimu. Nilikuwa na deni la jibu lako. Mwambie mwanafunzi wa dawati la nyuma kwamba hakuwa mbuzi, ila kwa akili zote zilizotumika hapa ofisini, naye hakuwa mbali sana na ukweli.

Naona Mwenyekiti ameufungua ukurasa. Anakitazama kishale. Mkono ule anaujua. Ndio uliomfungia mabano. Sitamsemea. Ana Bodi yake, ana saa nane yake, nami sina tena meza humu ndani.

Lakini ameufungua na waraka. Ameiweka kalamu yake chini. Anauliza kama kuna mtu mwenye penseli.

Mheshimiwa, chukua yangu. Imefupika, lakini inaandika.

Ndugu zangu, nashukuru kwa chai, kwa kiti, na kwa miaka yote mliyonivumilia nikiwasahihisha hadi kwenye kadi za harusi. Asanteni kwa kunifuata mpaka mstari wa mwisho. Jicho: nukta.

Anasema, "Nimefuata, Mzee. Yote."

Na nyuma yake kuna sauti nyingine inauliza kitu. Maneno hayo hayamo kwenye nakala, wala hayakuja na alama, lakini safari hii najua ni nani anayesema. Mwambie Mwalimu, mama yako, bado sijala. Mwambie sasa chakula kitapita.